Mpaka Mama Yake Mwenyewe Amkatae

Mjukuu wangu wa kike anataka kuleta mtoto wa mbwa nyumbani, na ameniuliza jambo ambalo yeye aliliona dogo: aletwe akiwa na umri gani? Alitaka nimtajie wiki, basi, aende zake. Mimi sina subira na watu wanaouliza mambo hivyo, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya huku miguu inaondoka. Nilimwambia akae chini. Hakukaa. Vijana wa siku hizi wana haraka ya kwenda kukaa mahali pengine. Kwa hiyo ninamwandikia, naye atasoma siku atakayochoka kutembea.

Daktari wa mifugo atamwambia miezi miwili, au zaidi kidogo, na hatakosea. Lakini mimi sikuipata hesabu hiyo kwa daktari. Niliipata kwa mama yangu, Elisabethville, mji mkuu wa Katanga, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, miaka ile baada ya vita vya pili vya Wazungu, nilipokuwa msichana mwenye pengo, meno ya mbele yameng'oka na mengine hayajaja. Na siwezi kueleza habari ya mbwa yule bila kueleza kwanza habari yangu mwenyewe.

Wazazi wangu walitoka kaskazini mwa Katanga. Baba alikuja kwanza, akapata kazi ya kutia makaa ya mawe kwenye injini ya treni, njia ya Sakania. Mama alimfuata baada ya ndoa ya kanisa. Mimi nilizaliwa kambini, katika nyumba ya matofali iliyofanana na nyumba zote za mstari wetu, hata walevi walikuwa wakikosea mlango. Nilipoanza kutembea, mama akashika mimba nyingine. Kwetu mtoto anayenyonya hakai karibu na mama mwenye mimba. Watu husema maziwa yameharibika, yatamwua. Dawa ni moja: mtoto apelekwe kwa nkambo, yaani bibi yake, akasahau ziwa huko.

Nkambo wangu, mama yake baba, alikuja kwa treni kunichukua. Mama alipewa kwinini apake kwenye matiti, nionje uchungu, nichukie. Nikalia sana, watu wakasema vizuri, ameanza kusahau. Halafu asubuhi moja nkambo akanibeba mgongoni nikiwa usingizini, ili nisiijue njia ya kurudi, akaenda nami kituoni. Hakuna aliyemwuliza mama kama anakubali. Sisemi walikuwa watu wabaya. Ndivyo walivyofanyiwa watoto wengi, na mama mkwe akishasema, mke wa mwanawe hana la kuongeza.

Mtoto aliyefuata alizaliwa, akafa kabla hajaota hata jino. Baada yake mama hakuzaa tena. Jambo hili alilizungumza nami mara moja tu, nikiwa tayari mke wa mtu. Alikuwa anachekecha unga. "Maziwa ilibakia," aliniambia, "batoto hapana." Kisha akaendelea kuchekecha.

Kwa nkambo niliishi kwa raha, nisidanganye. Nililala mgongoni pake, nilikula katika sahani yake, nilimwita mama, naye aliitika. Watu waliponiambia kwamba mama yangu yuko Elisabethville niliwasikiliza kwa adabu tu, kama mtu anavyosikiliza habari za ng'ambo. Kisha mwaka mmoja baba akaja na kongé yake, ile likizo ya kazi, akaona nimekua na sijui hata kufanya ishara ya msalaba sawasawa. Akaamua nirudi naye mjini nikasome kwa masista. Siku ya safari nkambo alikuwa shambani kuchimba mihogo. Baba hakumngoja. Alisema treni haimngoji mtu, lakini ukweli ni kwamba aliogopa machozi ya mama yake kuliko alivyomwogopa bosi wake Mzungu. Mimi aliniambia tunakwenda kuangalia treni. Nikaiangalia, kwa ndani, mpaka Elisabethville.

Mlangoni alisimama mwanamke mwembamba, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka karibu na nyusi. Hakunikimbilia. Majirani walikuwa wamejaa uani, wote wanafurahi kwa niaba yake. "Huyu njo mama yako," wakasema. "Mwite, mwite!" Nikasema, "Yambo, mama," kwa sauti ile ile niliyowasalimia wengine wote, kwa sababu kwetu kila mwanamke mzima ni mama. Wakapiga vigelegele. Yeye hakupiga. Alikuwa na masikio mazuri, mama yangu, alisikia kwamba nimemsalimia mgeni.

Baada ya siku hiyo sikumwita tena kwa jina lolote. Nikitaka maji, nilisimama karibu na mtungi mpaka aone. Nikitaka kutoka, nilitoka. Nilikula kidogo, kisha nilikwenda kukaa ukingoni mwa uwanja, uso umeelekea reli. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yangu ingawa haikuonekana, mstari mzima waliijua. Wanawake walimwambia mama anichape, nitazoea. Hakunichapa. Alikuwa akinitazama tu, halafu anarudi kwenye kazi zake, na mikono yake haikupumzika hata kidogo. Mimi nilidhani hanipendi. Nakumbuka nilivyofurahi kudhani hivyo, maana ilinipa sababu ya kutompenda.

Baba ndiye aliyefikiria mbwa. Kwenye lango la karakana ya reli palikuwa na zamu mmoja, mlinzi mzee mwenye koti zito la jeshi, na mbwa wake jike alikuwa amezaa chini ya mrundo wa mataruma, zile mbao nene zinazolazwa chini ya reli. Jioni moja ya kipwa, majira yetu ya baridi na vumbi, baba akaja na mfuko wa unga unaochezacheza. Hakuingia moja kwa moja. Aliuzungusha mfuko ule kwanza kwenye mstari mzima wa nyumba, huku na huku, ili mbwa aliyemo asiijue njia ya kurudi kwao. Halafu akaufungua mbele yangu.

Alikuwa mdogo sana. Macho yalikuwa yamefunguka lakini hayajaanza kuona vizuri, tumbo linaburuta chini, miguu inateleza huku na huku. Rangi yake ilikuwa ya udongo. Nilimpenda pale pale, kwa ukali, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Mama aliinama akamtazama. "Haka kaimbwa kangali kananyonya," alisema.

"Njo muzuri vile," baba akamjibu, amefurahi. "Ikikuya ingali kadogo, itasahabu mama yake mbio. Itajua sisi tu."

Baba alisema hivyo bila hila yoyote, na wala hakusikia alichokisema. Mama alisikia. Nilimwona akisimama, akaweka mkono juu ya ukuta, akakaa hivyo kidogo kama aliyetembea sana. Kisha akaenda kutafuta maziwa.

Tulikuwa na kopo la maziwa ya Wazungu. Mama aliyachanganya na maji ya vuguvugu, akachovya kidole, akampa. Mbwa akalamba mara moja, akageuza kichwa. Tukajaribu uji mwepesi, ukamtoka puani. Alilia. Sikujua kama kitu kidogo hivyo kinaweza kuwa na sauti kubwa namna ile. Alikuwa anatafuta kwa pua, kila mahali, kwenye mkeka, kwenye mguu wa meza, kwenye kwapa langu, na kila alipofika hapakuwa na alichokitafuta. Mama akamtia ndani ya nguo zake, akakaa naye karibu na mbabula, jiko letu la makaa, na hapo ndipo nilipowaacha nikalala.

Kulipokucha sauti imepungua. Baba alikuwa anavaa viatu vya kazi. "Unaona?" akasema. "Inaanza kuzoea."

"Haizoee," mama akasema. "Inachoka."

Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimewaona watoto wa shule za bweni, wajakazi waliotolewa vijijini, wanaharusi waliohamishwa nchi, na kila nikisikia mtu anasema huyu sasa ametulia, amezoea, neno lile la mama linanijia. Linanikasirisha hata leo, kwa sababu watu hawaangalii.

Baba alipoondoka mama akaniambia, "Simama. Tunarudisha mutoto ku mama yake."

Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Ni yangu! Papa alinipa miye!"

"Iko yako," akasema. "Lakini haijafika kuwa yako."

Akamfunga mbwa kifuani kwa kitambaa, akaanza kutembea bila kugeuka nyuma. Sikumfuata yeye. Nilimfuata mbwa. Tulipita nyuma ya maduka ya Wagiriki, tukapita kisima cha umma ambako wanawake walituuliza tunakwenda wapi na mama akazidisha mwendo, mpaka langoni pa karakana.

Zamu hakutaka kutusikia. Alisema aliombwa na baba, akampa, shauri limekwisha, na tena ana mbwa wengi kuliko nyama. Alisema pia kwamba jike hatampokea, kwa kuwa ameshashikwa na watu, ananuka moshi na sabuni, atamwuma. Mama alimpigia goti kidogo, kwa heshima ya umri wake, kisha akafanya alilokuja kufanya. Baba yake mzazi alikuwa mwindaji, naye mama alikulia katikati ya mbwa. Alimsugua mtoto yule kwa mchanga wa chini ya mataruma, akamsugua kwa ndugu zake mmoja baada ya mwingine mpaka wote wakawa na harufu moja, akamweka katikati yao, akarudi nyuma.

Jike alikuja. Alinusa. Aliweka pua juu ya mgongo wa yule mdogo na kukaa hivyo, nami nilikuwa nimejishika mdomo kwa mikono miwili. Kisha akamgeuza kwa ulimi, akamlamba tumbo, akalala ubavu. Yule mdogo akasukumana na wenzake mpaka akapata. Kilio kikaisha.

"Kwetu," mama akamwambia zamu, "imbwa ya kuwinda haitoke ku mama yake mpaka mama yake mwenyewe anamukatala. Ukimubeba mbele ya siku ile, hatajua hata kucheza. Atauma bantu, ama ataogopa bantu. Atakuwa imbwa ya bure."

Zamu akasema haya, na sasa tuondoke, lango si mahali pa wanawake. Mama hakuondoka. Alikaa juu ya taruma, akatazama wale watoto wakinyonya, akatazama muda mrefu, na zamu akachoka kumfukuza.

Baba alikasirika aliporudi. Zawadi yake ilikuwa imerudishwa mbele ya watu. Mama akamwambia kwamba mbwa atakuja, ila atakuja akiwa tayari, na baba akasema hajawahi kuona mbwa mwenye ratiba kuliko treni. Lakini hakutukataza.

Kwa hiyo tukawa tunakwenda. Mama akimaliza kufua, alifunga ukoko wa bukari, ugali wetu, kwenye jani kwa ajili ya jike, na samaki mkavu mmoja kwa ajili ya zamu, ambaye baada ya samaki wa pili aligundua kwamba lango ni mahali pa wanawake pia. Njiani mama aliniambia habari za mbwa wa baba yake: aliyekuwa akitembea mbele, aliyevunjwa mguu na ngiri, aliyekufa juu ya kaburi la mwenye nyumba. Hakunishika mkono. Hakuniuliza kama nampenda, wala hakunitaka nimwite. Alikuwa anasema tu huku akitembea, na kama nikibaki nyuma alipunguza mwendo bila kugeuka. Sijui ni safari ipi kati ya hizo nilipoanza kutamani kufua kuishe mapema.

Tuliwaona wakikua. Macho yalipata rangi. Wakaanza kuumana masikio, na aliyeumwa akilia kwa nguvu, aliyeuma anaachia. "Njo masomo yao," mama alisema. "Hapa banajua kama meno inaumiza. Kwako hangejua." Meno yalipokuwa makali, jike akawa ananyonyesha amesimama. Baadaye akawa anatembea huku wananing'inia, wanaanguka mmoja mmoja kwenye vumbi. Kisha siku moja yule wa kwangu alimkimbilia kama kawaida, na jike akakunja midomo, akamngurumia.

Niliogopa. "Anamuchukia?"

"Hapana. Anamuambia: umekomaa. Angalia, hamuume."

Kweli hakumwuma. Alimngurumia tena, mtoto akakaa chini kwa mshangao, kisha akaondoka akaenda kutafuna kamba ya zamu. Hakulia hata kidogo. Nilitazama jambo hilo, likanifanya niulize swali ambalo sikujua kama ninalo.

"Na miye," nikamwambia, "ulininguruma?"

Injini ilikuwa inapita karakanani, mama akangoja ipite. Nilidhani hakusikia.

"Miye sikukukatala," akasema. "Balikubeba."

"Nani?"

"Bantu. Na kwinini nilipaka na mukono yangu mwenyewe, sababu baliniambia. Lakini sikukukatala. Hata siku moja."

Hakunitazama aliposema hivyo. Nikamwuliza kama tunaweza kumchukua mbwa leo. Akasema bado, kwanza ale bukari kutoka mkononi mwangu mbele ya mama yake, na mama yake asijali. Tulingoja mpaka ikawa hivyo. Kisha tukamfunga kamba nyepesi, akaja nyumbani kwa miguu yake, akinusa kila jiwe, anaijua njia yote ya kwenda na kurudi. Alilalamika kidogo giza lilipoingia, halafu akala, akalala. Baba alifurahi sana. "Nilikuambia atazoea," alisema. Mama akampa chakula.

Nkambo alifika kipwa kikielekea kwisha, mawingu ya kwanza yameanza kukusanyika na joto limekaza. Aliteremka kwenye treni na kikapu cha karanga kichwani, akauliza njia mwenyewe kambi nzima mpaka mlangoni petu. Nilikuwa uani. Nilipomwona nilipiga kelele moja, nikaruka, nikamkumbatia miguu. Alinuka moshi na mawese, harufu ya kwetu. "Mama!" nikamwita. "Mama, mama!" Neno lile ambalo nyumba ile haikuwa imelisikia kinywani mwangu tangu siku ya kuwasili, nililimwaga lote kwa mara moja. Mama alikuwa anasonga bukari hatua chache kutoka pale. Niliona mwiko ukisimama. Kisha ukaendelea.

"Nimekuya kubeba mutoto yangu," nkambo akasema, hata maji hajanywa.

Wakabishana, yeye na baba. Baba alisema mtoto ni wake, masista wamekwisha andika jina, kijijini nitajifunza nini zaidi ya kuchimba mihogo. Nkambo alimwambia kwamba kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na kwamba mtu aliyelea mtoto mpaka akaota meno na kuyatoa hawezi kurudi kutoka shambani akakuta mkeka mtupu kama aliyeibiwa. Alilia alipolitaja hilo. Baba akainamisha kichwa lakini hakukubali. Walisema mchana kutwa, na kesho yake wakaendelea. Mimi sikuulizwa. Ningeulizwa ningesema nataka kwenda na nkambo, na nisingekuwa nasema uongo. Mama pia hakuulizwa.

Siku ya pili jioni alileta chakula, akakiweka mbele yao, na badala ya kuondoka akapiga magoti, kama mke anavyopiga magoti anapotaka kusema mbele ya mama mkwe wake.

"Baba," akamwambia mumewe, "mumuache aende."

Baba alidhani amesikia vibaya. Hata nkambo aligeuka.

"Mara ya kwanza mulimutoa ku mama yake mbio, na mama ilikuwa miye," akasema. "Mara ya pili mulimutoa mbio tena, na mama ilikuwa huyu muzee. Alimukomaza, alimulalisha, njo mama yake. Mara ya tatu sitaki. Aende naye. Siku anataka kurudi kwangu, atasema na kinywa yake. Na kama hatasema, hatasema."

"Weye uko na wazimu?" baba akapiga meza. "Hauna mutoto mwingine!"

"Ninajua kama sina," akasema mama.

Hakuna aliyekula. Baba alichukua kofia yake akaenda kazini kabla ya saa yake kufika, na asubuhi ya safari hakuja kutuaga.

Mama alinisuka. Aliniogesha kwa sabuni mpya, akanivalisha nguo ya Jumapili, akatusindikiza mpaka kituoni, kikapu cha nkambo kichwani pake. Hakulia na hakusema maneno ya kunifanya nilie. Nilikuwa na furaha, hata mbwa niliyemwacha uani sikumfikiria. Nilipanda, nikapata nafasi dirishani, nikaanza kuhesabu wauza ndizi. Treni ilipojivuta ndipo nikamtazama. Alikuwa amesimama peke yake, kando ya watu wanaopunga vitambaa, na mikono yake inaning'inia. Haikushika kitu, haikufanya kazi yoyote. Sikuwa nimewahi kuiona mikono ile hivyo.

Mji ukaisha, tukaingia porini. Nkambo akamenya karanga, akanipa. Nikatia mdomoni, nikatafuna, zikakataa kushuka. Akanipa maji, nayo hivyo hivyo.

"Mutoto, unalia nini? Si tunaenda kwetu?"

Sikujua kama nalia. "Nataka mama," nikasema.

"Mama njo miye."

"Hapana," nikasema. "Yule."

Niliogopa atanipiga. Alikuwa na haki. Mwanamke yule alikuwa amevuka Katanga nzima kwa ajili yangu. Lakini alinitazama usoni, akazitazama karanga zilizobaki kiganjani mwangu, kisha akageukia dirisha, akatazama miti na vichuguu vikipita kwa muda mrefu sana. Nami nilimwonea huruma, na hata hivyo sikulirudisha neno langu.

Jadotville treni iliposimama alichukua kikapu. "Shuka," akaniambia. Mtu wa tiketi akamwambia kwao bado mbali, mama, umekosea kituo. Nkambo akamjibu kwamba amekosea, ndiyo, lakini si kituo, na kwamba kijana mwenye akili angemshika mzee mkono ateremke. Tulikaa pale juu ya kikapu, tukalala kwenye nyumba ya mtu wa kwao, kesho yake tukapanda treni inayorudi. Njia nzima alisema neno moja tu. "Nilikubeba ukilala," alisema. "Sikumuuliza."

Tulifika kambini jua likiwa bado juu. Mama alikuwa uani, amekaa juu ya benchi mbele ya beseni la nguo, maji yametulia. Alipotuona hakuinuka. Nadhani hakuthubutu. Nkambo akasogea mpaka mbele yake, akaweka kikapu chini, halafu akafanya kitu ambacho sijamwona mama mkwe mwingine akikifanya mbele ya mke wa mwanawe. Alipiga magoti kwenye udongo, magoti yale mabovu, moja kwanza kisha la pili.

"Mama," akamwambia. "Zamani nilibeba mutoto yako, sikukuuliza. Leo nimemuleta. Mupokee."

Akaniweka kiganja mgongoni, akanisukuma.

"Mama," nikasema.

Alinishika kwa mikono yenye povu, akafungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa neno. Alilia kwa sauti kubwa, ile sauti ya msiba, miaka yote ile kwa mara moja, mtoto aliyekufa na mimi pamoja. Mstari mzima ukasikia. Wanawake wakaja mbio kutoka kila mlango, mikono tayari kichwani, wengine wameanza kulia kabla ya kuuliza ni nani, kwa sababu mume wake alikuwa mtu wa treni.

Nkambo aliinuka, akaenda kusimama mbele yao kwenye njia ya kuingilia uani.

"Murudi," akawaambia. "Hakuna muntu amekufwa. Mutoto amefika."